Anayekitamani Chakula cha Kwao, Akipike

Mama mkwe wangu alipokuja kututembelea hapa Dar mara ya kwanza kutoka Muleba, mkoani Kagera, alishuka kwenye basi na mkungu wa ndizi. Zaidi ya kilometa 1,300 za barabara, na mkungu ule umefungwa kwa majani makavu ya mgomba na gunia juu, hata kidole kimoja hakikupondeka. Mimi mtoto wa Tanga nilifurahi kweli. Ndizi nazijua. Kwetu Ramadhani haipiti bila ndizi mbichi za nazi kwenye futari, nikajua leo nitamwonyesha mama kuwa mwanawe hakupotea.

Jioni ile nikakalia mbuzi, nikakuna nazi mbili. Nikakamua tui la kwanza nikaliweka kando, ndizi nikazichemshia kwenye tui la pili, na mwisho nikamiminia lile zito huku nakoroga taratibu lisikatike. Chumvi, pilipili mbuzi moja nzima ya kuachia harufu, basi. Nikapakua. Mama akala kidogo, akaniangalia kwa upole, akauliza: "Mwanangu, hizi umezitia maziwa?" Nikamweleza kuwa ni nazi. Akashukuru, akasema safari imemchosha, akaenda kulala. Usiku nikasikia mume wangu yuko jikoni anamtafutia mkate.

Sikumlaumu mama. Mtu aliyekula ndizi na maharage maisha yake yote, na asipokula ndizi anasema leo hajala, usimtegemee azoee tui kwa usiku mmoja. Kilichoniumiza kilikuja kesho yake, wifi zangu wawili waliponipigia simu kwa zamu, kila mmoja akisema nitafute mtu wa kunifundisha kupika ebitoke, ndizi za Kihaya. Walisema kwa nia njema. Lakini nilijiuliza: mbona hakuna hata mmoja wa upande wangu aliyewahi kumpigia mume wangu kumwambia ajifunze kupika wali wa nazi na mchuzi wa changu?

Jibu liko kwenye lugha yenyewe. Mwanaume akioa tunasema amepata jiko. Jiko halina kwao. Jiko linapika anachotaka mwenye nalo. Kwenye kicheni pati yangu nilipewa sufuria za kila saizi, hotpoti nne, na nasaha nyingi za kumshika mume kwa tumbo. Mama mmoja alisimama akaniambia, "Ukiolewa Uhayani, sahau nazi." Ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Sikuona lolote baya siku ile, nilipiga makofi pamoja nao. Leo ningemwomba kipaza sauti nimjibu.

Ninachokiamini ni hiki: wanandoa wanapotoka kwenye majiko mawili, kila jiko lihamie na mwenyewe. Anayekitamani chakula cha kwao akipike yeye, au angalau aweze kumwelekeza mwenzake hatua kwa hatua akiwa amesimama pale pale jikoni. Kukaa sebuleni na kusema "hizi si kama za mama" hakuwezi kuwa mchango wa mtu mzima katika nyumba yake.

Kwetu ilianza kwa bahati. Nilikwenda Tanga kwenye msiba, nikakaa siku nane. Niliporudi nikamkuta mume wangu jikoni, simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi, mama yake kwenye video anamwongoza. Alikuwa amejipaka mafuta mikononi kwanza, kwa sababu utomvu wa ndizi ukikauka kwenye ngozi unabaki mweusi siku mbili tatu. Anamenya, anazitumbukiza kwenye maji, anamenya. Maharage yalikwisha kuiva. Akazitandika ndizi juu yake, akafunika na jani la mgomba alilolipitisha kwanza kwenye moto likalainika, akapunguza gesi, akasubiri. Nilipofunua ile sufuria harufu ya jani ilinijaa puani. Nikala sahani mbili. Miaka miwili nilikuwa nimejaribu kupika chakula kile kwa kukisia, na siku ile nikaelewa kwa nini sikufika: nilikuwa nakipika bila hamu nacho. Yeye alikuwa na hamu.

Tangu hapo Jumamosi jiko ni lake, na asubuhi ni yeye anayekwenda soko la Mahakama ya Ndizi pale Mabibo kuchagua mkungu.

Tulipokaa kupanga ratiba ndipo tukagundua kwamba vyakula vyenyewe vina tabia zake, na tabia hizo ndizo zinazopanga wiki kuliko matakwa yetu. Ndizi za kwao hazina subira. Zikitoka motoni ziliwe. Zikipoa zinakuwa ngumu, na kuzipasha hakuzirudishi. Sasa hapa Dar, baba anafika saa mbili usiku kwa foleni, watoto wameshakula saa kumi na mbili na nusu, ndizi utazipika za nani? Ndizi ni chakula cha siku ambayo wote mko nyumbani. Wali wa nazi unavumilia saa kadhaa kwenye hotpoti, lakini joto la hapa haulipendi, ukilala nje asubuhi umechacha. Kwa hiyo nazi tunapika ya kutosha usiku huo tu, na chakula cha kubeba kazini kesho yake kinatoka kwenye sufuria nyingine. Mambo haya bibi zetu waliyajua bila kuyaandika, kila mmoja kwa upande wake. Ukiunganisha pande mbili ndipo unalazimika kukaa na kalamu.

Nawajua wanandoa wengi waliokimbia kazi hii. Wamekutana katikati: wali maharage, ugali na mchicha, chipsi mayai siku ya mshahara. Hakuna anayelalamika, na hakuna anayefurahi. Huyu anakwenda kula mtori kwa mama ntilie mchana, yule anasubiri likizo ya kwao. Watoto wao ukiwauliza chakula cha kwao ni nini, wanataja chipsi. Siwalaumu watoto. Hawawezi kurithi chakula ambacho hakikuingia sufuriani.

Kuna watakaoniambia kwamba mila ni mila, mke hufuata chakula cha ukoo wa mume, tusilete usasa. Mimi naheshimu mila, ndiyo maana nazitetea zote mbili. Ila tuangalie pia mila yenyewe ilikotoka. Mgomba asili yake ni Asia, ulifika Afrika zamani sana, na nchi za maziwa makuu zikaufanya wao mpaka zikapata aina zao za ndizi. Mnazi nao ni mgeni aliyefika pwani yetu kwa njia ya Bahari ya Hindi. Mahindi ya ugali, muhogo wa bada, maharage ya kwenye ndizi za mama mkwe, vyote asili yake ni Amerika, vikavuka bahari baada ya Wareno kuanza safari zao. Kuna bibi fulani, huko nyuma, aliyepika maharage na ndizi kwa mara ya kwanza, na huenda alikuwapo mkwe aliyeuliza hiki ni nini. Sisi leo tunakiita chakula cha mababu.

Na kuna mtu wa tatu ambaye mijadala hii humsahau. Nyumba nyingi za Dar anayepika siku za kazi ni dada wa kazi. Mume na mke wanabishana kuhusu nazi na ndizi, mpishi ametoka Singida na hakuna aliyemuuliza kwao wanakula nini. Dada yetu alikaa nasi miezi minne kabla sijamuuliza, na hilo najuta. Alinijibu kwa aibu, "Mlenda, mama. Wa kukausha, na karanga." Alhamisi ikawa yake. Alipokwenda kwao mwezi wa sita alirudi na mlenda wa unga kwenye mfuko. Mwanangu wa pili, ambaye mchicha humtoa machozi, mlenda anaumalizia kwa kijiko.

Mama mkwe alikuja tena mwaka jana, akakaa wiki tatu. Sikumpikia nazi. Nilimwachia mwanawe ampikie, na mama alikaa kwenye kigoda mlangoni anamtazama anavyomenya, haongei, mara moja moja anamsahihisha kisu. Ijumaa nikapika changu wangu kama kawaida, na pembeni nikamwekea sato wa kuchoma. Samaki wa maji baridi kwetu Tanga tunamsema hana ladha, na neno hilo nimelikataza nyumbani kwangu. Mama alimaliza sato wake. Kisha akachovya kidole kwenye mchuzi wa changu, akalamba, akachovya tena. Siku nne kabla hajaondoka aliniomba nimfundishe kukamua tui. Nikamwekea kifumbu na nazi tatu kwenye mzigo wake.

Bado hatujakubaliana kuhusu senene. Msimu wao mkubwa ni Novemba, na kila mwaka kaka yake mume wangu anatuma ndoo kutoka Bukoba. Harufu yao wakikaangwa naivumilia, kuwala bado. Mume wangu hajawahi kunilazimisha, na mimi sijawahi kusema "wadudu" mbele ya watoto. Anawakaanga mwenyewe, kwa mafuta yao wenyewe na chumvi, dirisha likiwa wazi. Binti yangu mkubwa anamsaidia kuwachambua mbawa. Mwaka huu ameniomba nimnunulie chombo chake chenye mfuniko, abebe shule.