Kipimo 1,400, na Askari Wangu Wote Wako Wodini

Watu wanalalamikia mambo makubwa ya dunia hii na nawaheshimu. Mimi naomba nafasi nilalamikie sentensi moja tu. Ipo kwenye gemu la vita ninalocheza kwenye simu, chini ya picha ya jenerali mwenye ndevu zinazopepea hata pasipo na upepo. Inasema hivi: huwashushia maadui pigo la maangamizi lenye kipimo cha 1,400, kwa vikosi hadi vitano vilivyo mbele yake. Basi! Tangu sentensi hiyo itoke, sava nzima, yaani wachezaji wote tulio kwenye ulimwengu mmoja wa gemu, imepagawa. Kwenye chati ya muungano, kundi letu la wachezaji tunaopigana pamoja, hakuna anayesalimia tena. Unaingia unakuta mtu kaandika "1,400!!!" na mwingine kamjibu "1,400!!!", na hayo ndiyo mazungumzo ya asubuhi mpaka jioni.

Mimi mkataba wa nyumba niliusaini bila kufungua ukurasa wa pili. Lakini skili ya kwenye gemu, yaani ule uwezo maalumu wa jenerali, naisoma neno kwa neno, mkato kwa mkato, na kalamu mkononi. Mke wangu ananiangalia tu. Juzi kaniuliza, "Hivi, huyo jenerali anakulipa mshahara?" Nikamwambia aniache, niko kwenye hesabu. Akasema hesabu ya bili za mwezi iko mezani, nayo ina tarakimu, huenda nikaipenda.

Tuanze na hiyo 1,400 yenyewe. 1,400 ya nini? Ukiwauliza wenzangu watakujibu, kwa sauti ya mtu aliyekwenda shule, kwamba ni askari 1,400 wanaokufa papo hapo. Wapi! Hicho ni kipimo. Gemu linakichukua, linakizidisha kwa nguvu ya askari wako na wingi wao, linakipunguza kwa ulinzi wa adui, halafu ndiyo linakutemea jibu. Kwa hiyo jenerali yuleyule, skili ileile, akipewa askari wa levo ya juu, kikosi kimejaa pomoni, anapasua mwamba. Akipewa mabaki yangu, nusu yao wametoka kutibiwa jana, anapiga kofi. Tena kofi la kubembeleza. Lakini hilo halijaandikwa chini ya picha. Chini ya picha mimi na pedeshee wa sava, yule anayenunua kila kifurushi kabla tangazo halijamaliza kufunguka, tunasoma namba moja.

Na pigo lenyewe haliji kwa kuitwa. Lazima kwanza jenerali apande ghadhabu. Magemu mengi ya aina hii yana utaratibu huo. Kwenye Rise of Kingdoms, kwa mfano, lililotoka mwaka 2018, ghadhabu inatakiwa ifike 1,000 ndipo jenerali mkuu aachie skili yake, na msaidizi wake anaachia ya kwake sekunde moja baadaye. Ghadhabu inapanda kwa kupiga na kupigwa. Sasa huyu wa kwangu sijui alilelewa na nani, maana sijaona kiumbe anayechelewa kukasirika namna hii. Askari wake wanafyekwa mbele ya macho yake, yeye 620. Bendera inaanguka, yeye 710. Bosi wangu kazini anafika 1,000 kabla sijamaliza kusema samahani kwa kuchelewa, na hana hata ndevu.

Tuseme huyu mzee mwenye ndevu anaachia kila baada ya sekunde kumi. Hapo 1,400 yenu ni 140 kwa sekunde. Pembeni yake yupo jenerali mmoja wa kawaida, sura ya karani, ambaye vipande vyake, vile vya kumpandishia levo, tumeviokota bure. Huyu kila anapopiga ana nafasi ya asilimia 10 ya kuachia pigo la kipimo 900, na anapiga kila sekunde. Wastani wake ni 90 kwa sekunde. Hangoji kukasirika, hapepei ndevu, anafanya kazi. Ndiyo, amezidiwa, sikatai. Lakini kelele za humu ndani ni za mtu aliyezidiwa mara ishirini! Tena vita vikiisha sekunde ya tisa, na vyangu vingi huishia hapo kwa sababu mimi ndiye ninayeisha, mwenye ndevu kachangia sifuri kamili. Karani huenda kashamtoa mtu jino.

Halafu kuna majenerali wa upande wa pili wenye skili ya kuziba wenzao midomo kwa sekunde mbili. Ghadhabu imejaa, mzee kanyanyua upanga, mimi nimeinuka kwenye kiti, kanyamazishwa. Sekunde mbili hizo unaweza kuzeeka.

Jambo jingine ambalo halipigiwi kelele: 1,400 ni ya levo ya tano. Ukimpata leo, wa kwako anapiga 600. Levo zinazofuata zinapanda kwa kujikongoja, 700, 800, 950, halafu ya mwisho ndiyo inaruka mpaka 1,400. Yaani zaidi ya nusu ya faida yote imefichwa kwenye ngazi ya juu kabisa, mahali ambapo mtu wa kuokoteza vipande anafika akiwa na wajukuu. Na kupandisha nako ni bahati nasibu. Jenerali ana skili nne, unamwaga vipande, gemu linachagua lenyewe ni ipi ipande. Unaomba maangamizi, unapewa "huongeza mwendo wa kikosi kinapokusanya kuni". Wachezaji wa Rise of Kingdoms wana ujanja wao wanaouita 5-1-1-1, yaani levo za skili zake nne: usimpandishe nyota jenerali zisije zikafunguka skili nyingine, mpaka ile ya kwanza ifike levo ya tano. Ujanja mzuri, na unahitaji uvumilivu. Nimemweleza kijana mmoja wa muungano wetu, akasema nimechelewa, ameshafungua zote nne na ile ya kuni imefika tano.

Sasa njooni kwenye sehemu iliyoninyima usingizi. "Vikosi hadi vitano." Kila mtu anasoma hapo anapiga hesabu ya kichwani: 1,400 mara tano, 7,000, tumeshinda, nani atabaki! Lakini chini, kwa maandishi ambayo lazima uyavute kwa vidole viwili, wameandika kwamba kwa kila kikosi kinachoongezeka, pigo kwa kila mmoja linapungua kwa asilimia 15. Nikachukua kalamu. Kikosi kimoja, 1,400. Viwili, kila kimoja 1,190, jumla 2,380. Vitatu, 980 kila kimoja, jumla 2,940. Vinne, 770 kila kimoja, jumla 3,080. Vitano, 560 kila kimoja, jumla... 2,800.

Rudieni wenyewe, mimi nimerudia mpaka karatasi ikatoboka. Yule wa tano anapunguza jumla! Ile "hadi vitano" inayotangazwa kwa herufi nene ndiyo hasara yenyewe. Skili hii inataka maadui wanne. Na maadui wenyewe nawaombaje wahesabiane? Nimesimama uwanjani, wanne wamejipanga vizuri mbele ya mzee, ghadhabu 980, roho imetulia kabisa, anatokea bwana mmoja wa tano mwenye kikosi cha askari wachache aliyekuja kushangaa tu. Ameingia kwenye upepo wa pigo, ameharibu kila kitu. Sijawahi kumchukia adui hodari kama ninavyomchukia huyo mshangaaji.

Nikampelekea kiongozi wa muungano matokeo hayo. Kiongozi wetu tunamwita Mkuu. Akiwasha kipaza sauti unasikia kabisa kwamba sauti haijavunjika, na mara moja vita vilisimama kwa sababu mama yake alimwita aoge. Lakini cheo ni cheo. Nikaandika kwa adabu: "Mkuu, nimegundua kwamba kikosi cha tano kinapunguza jumla ya madhara." Akajibu: "Mzee, we kaa nyuma ulete kuni." Mimi! Mtu mwenye karatasi iliyotoboka!

Kuna jamaa wengine wananiambia niangalie skili ya pili, inayoongeza madhara kwa asilimia 50. Asilimia 50, jamani, nusu nzima! Taratibu. Kama gemu linajumlisha nyongeza zote kwenye kapu moja, na mengi yanafanya hivyo, basi angalia kapu lako kwanza. Una nyongeza ya asilimia 200 tayari kutoka kwenye utafiti, silaha na muungano? Basi ulikuwa na 300, sasa una 350. Umepanda kama asilimia 17. Si haba, lakini nusu iko wapi? Maajabu yake, anayefaidi zaidi nyongeza hiyo ni mtu ambaye hana kitu kingine chochote kapuni. Kwa mara ya kwanza gemu limekumbuka watu wa hali yangu, halafu likaweka skili hiyo kwa jenerali nisiyeweza kumpandisha.

Maana kumpata ndiyo balaa lenyewe. Anatoka kwenye sanduku la bahati. Nafasi asilimia 1. Watu wanafikiri ukifungua mara 100 basi ni wako, kesi imefungwa. Hesabu inasema ukifungua mara 100 una nafasi kama asilimia 63 ya kumpata angalau mara moja. Hiyo 37 iliyobaki ni watu wazima wameshika simu, wanatazama ukuta. Angalau siku hizi namba zinaandikwa. China iliwalazimisha watengenezaji watangaze nafasi hizo kuanzia Mei 1, 2017, na Apple ikafuata Desemba mwaka huohuo kwa programu zinazouzwa kwenye duka lake. Ubelgiji nayo mwaka 2018 ikasema masanduku ya kulipia ya aina hiyo yanavunja sheria zao za kamari. Nilimsomea mke wangu habari hizo, nikitaka aone kwamba shida yangu inajulikana mpaka serikalini. Akasema Ubelgiji anaonekana ana busara.

Haya, mnataka hukumu, kwa sababu kila siku mnaniuliza "Mzee, tumchukue au tumwache?" Uwanja wazi, kwenye purukushani watu wamerundikana, mchukue. Hapo hata mimi navua kofia. Wanapigwa watatu, wanne kwa mpigo, na vita ni virefu vya kutosha mzee akasirike mara kadhaa. Uwe naye upande wa nyuma kidogo, awaone wote mbele, asizungukwe. Ukizungukwa, pigo linakwenda mbele na wanaokumaliza wako mgongoni. Kuvamia ngome, mwache. Ngome ni kikosi kimoja tu mbele yako, kwa hiyo unapiga 1,400 moja na kuna majenerali wa kupiga mmoja mmoja wanaompita mbali bila jasho. Kumkusanya na askari wasio wa aina yake, pia mwache. Nyongeza zake ni za wapiga mishale, na wapiga mishale kwenye magemu haya mara nyingi ni chakula cha wapanda farasi. Mimi nina wapanda farasi watupu. Nimeishi maisha yangu yote kwenye gemu hili nikifuga farasi, leo naambiwa mishale.

Kulinda mji wako, usijisumbue. Mwenye mji ukivamiwa usiku umelala. Jenerali ni wewe, ndevu ni zako, unaamka ripoti iko pale: hospitali imejaa, waliozidi vitanda wamekufa, na aliyekuvamia kaacha ujumbe wa kikaragosi kinachocheka. Ngao, ile kinga ya kuzuia mji usivamiwe kwa muda wa saa nane, ingekufaa kuliko skili ya aina yoyote, lakini hakuna anayeandika "NGAO!!!" kwenye chati.

Na kabla sijamaliza kuwapigia hesabu huyu, jana wamemtangaza mwingine. Huyu kapanda farasi anayewaka moto kwato zote nne. Kipimo 1,700. Chati imelipuka upya, Mkuu katoa amri watu watunze vipande. Mimi nikavuta maandishi kwa vidole viwili. Vikosi hadi vitatu, pigo linapungua asilimia 20 kwa kila kinachoongezeka. Vitatu ni 1,020 kila kimoja, jumla 3,060. Yule wa zamani, akipata wanne wake sawasawa, anatoa 3,080. Amemzidi mpya kwa 20! Nikamwandikia Mkuu mistari kumi, na jedwali nikachora.

Akajibu: "Sawa mzee. Ila umemwona farasi?"