Mei Mosi tuko kazini, Septemba tunabeba magodoro

Jamani, Wamarekani nimewanyoshea mikono. Mei Mosi ilianzia hapa hapa Chicago, na hapa hapa Chicago ndipo ninapoamkia kazini siku hiyo kama punda!

Mwaka 1886 wafanyakazi wa mji huu waligoma tarehe 1 Mei wakidai kazi iwe ya saa nane kwa siku. Siku tatu baadaye, pale Haymarket, bomu likarushwa, polisi wakafyatua risasi, watu wakafa, na mwaka uliofuata wanaharakati wanne wakanyongwa. Wajamaa waliokutana Paris mwaka 1889 wakaichagua tarehe hiyo, dunia ikaipokea. Sisi nyumbani ndiyo usiseme: fulana, kofia, mabango, hotuba ndefu juani, na masikio yote yanasubiri kipengele kimoja tu, cha mshahara. Huku nilimwambia mwenzangu heri ya Mei Mosi, akaniuliza natimiza miaka mingapi.

Wao wana ya kwao, Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Rais Cleveland aliitia saini mwaka 1894. Mei Mosi nayo, kufika 1958, wakaibatiza Siku ya Sheria, na juu yake Siku ya Uaminifu kwa taifa. Siku ya mgomo ikawa siku ya utii. Hapo, kwa kweli, niliwavulia kofia.

Nikasema potelea mbali, acha nisubiri hiyo Septemba. Sasa mimi kibarua changu ni duka la magodoro, na huku sikukuu ya wafanyakazi ndiyo msimu wa kushusha bei za magodoro. Wenye ofisi wanalala hadi saa nne, wanachoma nyama uani, wakishashiba wanakuja kwetu kujaribu kulala tena.

Baba mmoja alijitupa kitandani na viatu vyake, akafumba macho. Mimi nimesimama pembeni na karatasi ya bei, kiuno kinawaka moto. Kimya. Nikaanza kuwaza nimwamshe au nimfunike. Mara akafungua jicho moja.

"Hivi leo si sikukuu? Wangewaacha na nyie mpumzike."

"Asante, mzee."

Akageukia ubavu wa pili. "Hili gumu. Hebu nishushie lile la juu kabisa."

La juu kabisa! Lile linalobebwa na watu wawili, na mwenzangu kaomba ruhusa.

Na usidhani kuna nyongeza. Sheria ya shirikisho haimlazimishi mwajiri binafsi kukupumzisha siku hiyo, wala kukuongezea hata senti eti kwa kuwa ni sikukuu. Tajiri yetu ni muungwana lakini, alitukumbuka. Alipiga simu alasiri akiwa ufukweni mwa ziwa, mawimbi nayasikia kabisa, akatutakia wote mapumziko mema, kisha akauliza tumeshauza mangapi.