Kupanda mapema au kusubiri: hesabu ya mkulima wa masika

Kila mwaka kabla ya masika, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa msimu kwa maeneo yanayopata mvua mara mbili kwa mwaka, na taarifa hiyo hufuatwa na ushauri ambao maafisa ugani wameurudia kwa miaka mingi: andaeni mashamba mapema, pandeni mvua za mwanzo, tumieni mbegu zinazokomaa haraka. Mwishoni mwa Mei, mvua zinapokatika na mahindi ya baadhi ya watu hayajatoa hata mbelewele, lawama humwangukia aliyechelewa kupanda. Husemwa kuwa ni mbishi, au mvivu, au amefungwa na mazoea ya wazee.

Hoja ya kupanda mapema ina nguvu kweli. Masika huanza Machi na kuisha Mei, yaani siku tisini hivi kwa makadirio ya ukarimu, ilhali hata mahindi ya muda mfupi huhitaji takribani siku tisini na ya muda wa kati hupita mia moja. Mahindi hayavumilii kiu wakati wa kuchanua, na kila wiki inayopotea mwanzoni huusogeza wakati huo karibu na kiangazi. Kuna pia jambo lililochunguzwa hapa hapa Afrika Mashariki: H. F. Birch, mtafiti wa kituo cha Muguga karibu na Nairobi, alionyesha mwishoni mwa miaka ya 1950 kwamba udongo uliokauka kwa muda mrefu unapolowa tena, vijidudu vyake huozesha mboji kwa kasi na kuachilia nitrojeni nyingi, kirutubisho cha mimea, kwa siku chache. Mahindi yaliyokwisha kuota huifaidi. Aliyechelewa huikuta imezamishwa na mvua kubwa kusikofikiwa na mizizi ya mche mchanga. Ongeza viwavijeshi vamizi, waliothibitishwa Kenya na Tanzania mwaka 2017, ambao hushambulia zaidi mahindi machanga, na shamba lililopandwa mwisho kijijini hupokea nondo wa viwavi hao waliokwisha kuzaliana kwa majirani.

Hayo yote yanakubalika. Tatizo ni kwamba ushauri wa kupanda mvua za mwanzo hudhani kuwa mwanzo wa mvua unajulikana siku unapotokea. Wataalamu wenyewe huuhesabu kwa kanuni yenye masharti mawili: kwanza inyeshe kiasi fulani, mara nyingi milimita 20 au zaidi ndani ya siku chache; pili, kusifuate ukavu wa siku saba au kumi mfululizo katika wiki tatu au nne zinazofuata. Sharti la pili ndilo lenye mzigo, kwa kuwa halithibitiki mpaka wiki hizo zipite. Mvua iliyonyesha Machi 12 inaweza kuandikwa katika kumbukumbu kuwa mwanzo wa msimu tunapoingia Aprili, huku mkulima akitakiwa kuamua Machi 13 asubuhi, udongo ukiwa bado unanata kwenye jembe.

Chukua familia za Moshi na Hai zinazoishi kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa, juu katika Mlima Kilimanjaro, na kushuka tambarare kulima mahindi na maharage. Mvua ya kihambani haimaanishi kitu huko chini, na taarifa ya mkoa mzima haiwezi kutenganisha shamba na shamba. Kwa hiyo mama mwenye shamba hushuka mwenyewe, akafukua kwa jembe mahali pawili au patatu kuona unyevu umefika wapi. Akiukuta umeishia kina cha vidole vinne na chini yake ni vumbi, anajua mbegu itaota, itakula akiba iliyomo ndani ya punje, kisha itatafuta maji isiyapate. Akirudi nyumbani bila kupanda, huyo ndiye anayehesabiwa kuwa amechelewa.

Gharama ya kukosea hapa haijadiliwi inavyostahili. Ekari moja huhitaji kilo nane hadi kumi za mbegu, na kwa mahindi chotara mbegu hiyo hununuliwa kwa fedha taslimu wakati ada na mahitaji ya shule ya Januari yamekwisha kuzoa akiba ya nyumbani. Mvua ikikatika baada ya miche kuchomoza, kinachotakiwa si kurudishia mashimo machache bali kupanda shamba upya. Mbolea ya kupandia imekwisha kuwekwa shimoni, kibarua amekwisha kulipwa, na dukani mbegu ya muda mfupi huenda imekwisha kwa kuwa kila aliyepoteza anaikimbilia hiyo hiyo. Kinachobaki ni punje za ghalani, na kama zilitokana na mahindi chotara ya mwaka jana, uzao wake hushuka. Mkulima aliyetii ushauri hujikuta amepanda mara mbili, mara ya pili akiwa na mbegu dhaifu, amechelewa kuliko yule aliyekaa akasubiri. Takwimu za majaribio zinazosifu kupanda mapema huonyesha wastani wa misimu mingi, na kituo cha utafiti kinaweza kungoja wastani huo ujitokeze. Kaya yenye gunia mbili ghalani haina misimu mingi ya kungoja.

Masika yenyewe haitabiriki kwa urahisi. Vuli hufuata kwa kiasi kikubwa hali ya bahari, El Niño na joto la Bahari ya Hindi, hivyo dalili zake huonekana miezi kadhaa kabla. Masika haina kiongozi wa namna hiyo. Mwaka 2018 ilileta mafuriko katika sehemu kubwa ya Kenya. Mwaka 2019 mvua zilichelewa, na kimbunga Idai kilichopiga Beira katikati ya Machi kinatajwa miongoni mwa vilivyovuta unyevu mbali nasi wakati ambao wengi hupanda. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilifurika kupita viwango vilivyowahi kurekodiwa; mwaka 2022 masika ilikuwa kavu kuliko zote kwa miaka sabini hivi katika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika; na mwaka 2024 mafuriko yalirudi, kimbunga Hidaya kikafika Mafia mwanzoni mwa Mei. Taarifa ya msimu inayosema mvua zitakuwa za wastani au juu ya wastani hutaja jumla, na jumla nzuri inaweza kuficha wiki tatu za jua kali katikati.

Si kila anayechelewa anapiga hesabu, bila shaka. Wengine wanangoja trekta la kukodi, ambalo humfikia mwisho mwenye shamba dogo. Na katika ardhi ya mfinyanzi isiyolimika ikishalowa, naona kupanda kwenye vumbi kabla ya mvua ni sahihi, pamoja na panya na kanga watakaofukua sehemu ya mbegu. Lakini wakulima wengi hufanya jambo la tatu, la kupanda nusu ya shamba kwa mvua ya kwanza na nusu kwa mvua ya pili, na hulaumiwa kwa shamba lenye mahindi ya marika mawili. Kwa msimu usiotabirika sioni mpango wa busara zaidi ya huo, hata kama viwavijeshi wataufurahia.

Utabiri wa siku kumi kumi ukishushwa hadi ngazi ya kata ungesaidia, hasa ukithubutu kusema pia siku za kutopanda. Zaidi ya hapo, kuna suala la nani analipia mbegu ya pili. Nchini Kenya, mpango wa Kilimo Salama ulioanza mwaka 2009 uliunganisha bima na pembejeo zinazonunuliwa dukani, ukipima mvua kwa vituo vya hali ya hewa na kulipa kwa simu. Bima ya namna hiyo, ikielekezwa kwenye wiki tatu za mwanzo wa msimu, ingempa mkulima sababu ya kupanda mapema. Kwa sasa mvua ikikatika Machi 20, anayeshauri hapotezi punje hata moja.