Fundi Bomba Naye Apewe Kiti Kwenye Kamati ya Viwango

Chukua nipeli (kipande kifupi cha bomba chenye meno kwa nje) ya nusu inchi yenye meno ya NPT, kiwango cha Marekani, uikaze kwenye soketi yenye meno ya BSP yaliyotokana na viwango vya Uingereza. Itaingia. Zote mbili zina meno 14 kwa kila inchi, na vipenyo vyake vimekaribiana kiasi kwamba jicho peke yake halitambui tofauti. Spana itazunguka, mkono utahisi kiungio kimeshika, na fundi atakusanya vifaa vyake akijua kazi imekwisha. Kumbe pembe ya jino la NPT ni digrii 60 na ya BSP ni digrii 55. Meno hayalaliani sawasawa, hivyo hubaki upenyo mwembamba unaozunguka pamoja nayo. Tepu huuziba kwa muda tu, kisha maji huanza kutoka, na lawama zote humwangukia fundi.

Kwenye inchi moja mambo ni afadhali, maana NPT ina meno 11 na nusu na BSP ina 11, kwa hiyo kiungio hukwama mapema na kosa huonekana papo hapo. Ile inayokubali kuingia ndiyo ya hatari.

Tofauti hii ni ya zamani. Mhandisi Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza pembe ya digrii 55 mwaka 1841. Wamarekani wakafuata njia yao, na kiwango cha meno ya bomba cha Robert Briggs kikakubaliwa na chama cha wahandisi mitambo, ASME, mwaka 1886. Kila upande ulishanunua mashine zake, na hakuna aliyetaka kuzitupa. Gharama ya kutoafikiana ilionekana wazi mjini Baltimore, Marekani, mwaka 1904: moto ulipoushinda mji, vikosi vya zimamoto vilifika kutoka miji mingine, lakini mipira yao mingi ya maji iligoma kuingia kwenye vichwa vya bomba vya hapo, kwa kuwa viungio havikulingana. Zaidi ya majengo 1,500 yaliteketea.

Siupingi utaratibu unaotumika leo. Kwenye shirika la kimataifa la viwango, ISO, rasimu ya kiwango hupita ikiungwa mkono na theluthi mbili ya kura za wanachama wanaoshiriki, mradi kura za kuipinga zisizidi robo ya kura zote zilizopigwa. Anayepinga lazima atoe sababu za kiufundi, la sivyo kura yake haihesabiwi. Nauheshimu sana utaratibu huo, kwa sababu unamlazimisha mtu aseme tatizo liko wapi.

Ila swali langu ni hili: nani anayepata nafasi ya kusema? Vikao vinataka muda, nauli na mwajiri wa kukulipa ukiwa huko. Kwa hiyo wanaohudhuria mara nyingi ni watengenezaji, na chama chao cha valvu na viungio huko Marekani, MSS, kipo tangu 1924. Wanaijua kazi yao, na bila wao viwango vingekuwa ndoto tu. Lakini mtengenezaji hukiona kiungio kikiwa kipya, juu ya meza safi. Anayekiona kikiwa na kutu, ndani ya ukuta, kimeunganishwa na kipande cha kampuni nyingine, ni fundi.

Halafu kuna suala la kuvisoma viwango hivyo. Flenji, yaani sahani ya kuunganishia mabomba kwa bolti, imeandikwa 150, na wengi hudhani hicho ndicho kikomo cha shinikizo lake. Sivyo; hiyo ni namba ya daraja. Kwa chuma cha kaboni cha kawaida, flenji ya daraja hilo huruhusiwa shinikizo la takribani baa 19.6 kwenye joto la kawaida, lakini ikifika digrii 400 za selsiasi inabaki na baa 6.5 tu. Jedwali linaloeleza hayo limo ndani ya hati inayouzwa, na bei yake si ya mtu anayelipwa kwa siku. Tunamdai mtu afuate sheria tuliyoifungia kabatini!

Ninachotaka kinawezekana. Majedwali ya vipimo, shinikizo na alama yawe bure kwa yeyote, hata kama maelezo mengine yataendelea kuuzwa. Kila rasimu ya kiungio, kabla ya kupigiwa kura, ipelekwe kwa mafundi waikaze, waifungue na kuichanganya na vipande vilivyopo sokoni, na ripoti yao ijibiwe kwa maandishi kama zinavyojibiwa hoja za wajumbe. Na aina ya meno ichongwe kwenye kila kiungio chenyewe, kwa herufi zinazosomeka hata mikono ikiwa na grisi.