Ridge mpya tulimzoea, ila mwandishi mpya je?

Kwa waliokulia na tv moja sebuleni The Bold and the Beautiful haina haja ya kuelezwa, ila kwa wadogo zetu niseme tu ni tamthilia ya Marekani ya familia ya Forrester, wenye kampuni ya mitindo kule Los Angeles, ilianza CBS tarehe 23 Machi 1987 na mpaka leo inaendelea, nusu saa kila siku Jumatatu mpaka Ijumaa. Mi nilikuwa naiangalia na mama mdogo, yeye kakaa kwenye mkeka anachambua mchele, mi nimejibanza pembeni, na kuna siku Thorne, mtoto wa Eric Forrester mwenye hiyo kampuni, katokea na sura ambayo siyo ya Thorne. Mama mdogo akaweka ungo chini, akauliza huyu nani tena. Wenzake wanamwita Thorne, Eric anamwita mwanangu, mama mdogo kimya mpaka tangazo, halafu akasema "haya, ndo Thorne basi" akarudi kwenye mchele. Baadaye sana nikaja kujua hata yule tuliyemzoea hakuwa wa kwanza: alianza Clayton Norcross 1987, akaja Jeff Trachta 1989, halafu Winsor Harmon 1996.

Nimeikumbuka hiyo kwa sababu ubishi wa tamthilia hizi za mchana za Marekani hauishi. Leo muigizaji kaondolewa, kesho mwandishi mkuu kafukuzwa, na kila ikitokea kuna wanaosema ndo mwisho wa tamthilia na kuna wanaosema bila mabadiliko ingeshakufa zamani. Pande zote zina hoja. Ila naona hasira zetu nyingi zinaenda kwa sura mpya kwa sababu ndiyo tunayoiona, wakati aliyeshika kalamu akibadilishwa hatujui hata jina lake, na huyo ndo mwenye uwezo wa kuvunja kila kitu.

Sura ina nguvu, hilo silipingi. Ronn Moss alikuwa Ridge, kaka yake Thorne, tangu siku ya kwanza, miaka 25, akaondoka 2012, na kwa zaidi ya mwaka Ridge akawa wa kutajwa tu bila kuonekana. Desemba 2013 akaingia Thorsten Kaye, sauti nzito, ndevu, mwendo wa taratibu, mtu ambaye Wamarekani walishamzoea kama Zach Slater wa All My Children, na hakufanana na Moss hata chembe. Waliolalamika walikuwa na haki kabisa, maana ukimwangalia mtu kila siku kwa miaka 25 humpendi kwa jina lake la kwenye skripti, unampenda kwa macho yake, namna anavyogeuza shingo, namna anavyonyamaza. Brooke, mpenzi wake wa miaka yote, akimwangalia Ridge mpya kwa mapenzi, mtazamaji ndo anafanya kazi ya kukumbuka kwa niaba yao wote wawili, na kazi hiyo inachosha.

Sasa angalia waandishi walifanya nini. Hawakumlazimisha Kaye awe Moss. Walimpa Ridge mambo ambayo yule wa zamani nadhani asingeyaweza, akakaa na Katie, mdogo wake Brooke, wanaandikiana mashairi, halafu 2014 akaangushwa kutoka kwenye helikopta baharini kule Abu Dhabi na alivyopona akawa hawezi tena kuchora nguo, mbunifu wa mavazi ambaye mkono wake haumtii. Hiyo ya Katie ilinikera kweli, nimesubiri Brooke na Ridge miaka yote hiyo halafu unaniletea mdogo mtu? Lakini ilifanya kazi, maana mtu mpya alipata makovu mapya na tukamjulia kwenye hayo makovu.

Ndo maana 2023 ilipokuja hadithi ya Eric kuumwa ilinishika vile. Eric mzee, mikono inatetemeka, anaficha, mjukuu wake R.J. anamchorea kwa siri ili watu wasijue, na Ridge ambaye hajui lolote anaingia kwenye shindano la mitindo na baba yake. Na sisi tunajua kwamba Ridge si damu ya Eric, hiyo siri ilifumuka 2001 kwamba baba mzazi ni Massimo Marone, na tunajua kwamba huyu Ridge naye mkono wake uliwahi kumkataa. Enzi za siri ya Massimo aliyekuwa anaigiza ni Moss, Kaye hakuwepo, lakini Kaye alipokuwa anamwangalia yule mzee mi niliyaona yote hayo usoni kwake. Mwaka huohuo Kaye akachukua Daytime Emmy, tuzo ya vipindi vya mchana Marekani, ya muigizaji bora wa kiume. Historia ya Ridge ilihamia kwake kwa sababu kuna mtu nyuma ya pazia aliyekuwa anaitunza, Bradley Bell, mtoto wa walioanzisha tamthilia yenyewe, William J. Bell na mkewe Lee Phillip Bell, na ameshika kalamu hiyo tangu miaka ya 90.

Hapo hapo kuna upande wa pili. Kalamu moja kwa miaka 30 inakumbuka kila kitu, ndiyo, lakini pia inarudia kila kitu. Brooke na Ridge wameoana na kuachana mara ngapi? Unaanza kuangalia harusi huku unajua miezi minane mbele Taylor, mwanamke mwingine wa Ridge, atakuwa mlangoni. Halafu kuna kitu hakisemwi sana, kwamba kwenye pembetatu ya mapenzi ukibadilisha sura ya upande mmoja pembetatu nzima inainama. Brooke ni Katherine Kelly Lang yuleyule tangu 1987, Taylor ameshakuwa Hunter Tylo, akaja Krista Allen Desemba 2021, na 2024 akaingia Rebecca Budig. Waigizaji wote hao wanajua kazi, lakini mizani haipo sawa tena, mmoja ana uso wenye machozi ya tangu 1987 na mwenzake anaanza upya kila baada ya muda mfupi, kwa hiyo hata ukiwa timu Taylor kama mi unajikuta unamtetea mtu ambaye bado unamzoea.

General Hospital ya ABC, hii ipo tangu 1963, ina mifano ya pande zote mbili kwenye nyumba moja. Carly ameigizwa na Sarah Brown kuanzia 1996, Tamara Braun 2001, Jennifer Bransford kwa muda mfupi 2005 na mwaka huohuo akaja Laura Wright ambaye yupo hadi leo. Wanawake wanne! Na Carly ni Carly, mropokaji, mkali kwa wanaowagusa wanawe, akipenda amependa kwa kichwa kizima. Kila aliyekuja alipewa Carly kamili siyo mabaki. Sasa mlinganishe na Jason Morgan. Steve Burton aliondoka 2012, Billy Miller akaichukua nafasi 2014, watu wakaanza kumzoea, halafu 2017 Burton akarudi, na badala ya kuchagua mmoja wakaamua kumbe Miller miaka yote hiyo alikuwa Drew, pacha wa Jason, kawekewa kumbukumbu za Jason kichwani. Yaani ndoa ile, mtoto yule, mazishi aliyohudhuria, vyote alivyofanya kama Jason vikageuka vya mtu mwingine. Walitaka kuwafurahisha mashabiki wa pande zote mbili na nawaelewa, ila kwa maoni yangu walimuumiza Miller, na walimuumiza zaidi mtazamaji aliyejitahidi kumpokea. Miller alifariki 2023 na kila nikiona vipande vyake vya zamani naona alistahili kuachiwa kile alichokijenga.

Wengine watasema mambo haya ni ya lazima, na kweli mengi ni ya lazima. Muigizaji wa tamthilia za mchana anasaini miaka kadhaa lakini mkataba unaweza kukatwa na stesheni kwenye vipindi vya wiki 13, akizeeka kwenye kazi au bajeti ikibana anashushwa anakuwa wa kuitwaitwa, analipwa kwa siku aliyofika. Afrika Kusini Agosti 2014 waigizaji 16 wa Generations walifukuzwa kwa mpigo baada ya kugoma kuhusu malipo na mikataba, tamthilia ikasimama, ikarudi tarehe 1 Desemba kwa jina la Generations: The Legacy. Na iliendelea! Nyuso zote zile zikaondoka na watu bado wakawasha tv saa mbili usiku. Mi hiyo inanipa huzuni na matumaini kwa pamoja, huzuni kwa ajili ya wale 16.

Tuje kwenye kalamu sasa. Mwaka 1978 General Hospital ilikuwa karibu kufutwa, akaletwa prodyuza Gloria Monty, akafupisha matukio, akaongeza kasi, hadithi za vijana zikawekwa mbele, na Novemba 1981 harusi ya Luke na Laura ikaangaliwa na watu kama milioni 30 Marekani. Saa za mchana hizo! Mtu akisema mabadiliko ya nyuma ya pazia ni sumu mjibu kwa huyo mama.

Lakini mwangalie pia James E. Reilly wa Days of Our Lives, maana yeye peke yake ana majibu mawili. Miaka ya 90 alimfanya daktari Marlena, mama wa heshima zake, aingiwe na shetani, jambo ambalo kwenye karatasi ni wazimu, na watu wakajaa kuiangalia. Akaondoka, akarudishwa, na 2003 akaanzisha hadithi ya muuaji wa Salem, mji wa kwenye tamthilia hiyo, akawa anaua wahusika wa miaka na miaka mmoja baada ya mwingine, na muuaji akaonekana ni Marlena. Mmoja wa waliouawa ni Alice Horton, bibi wa tamthilia nzima, Frances Reid alimuigiza tangu siku ya kwanza mwaka 1965. Alice alijulikana kwa madonati yake, mtu akiwa na msiba anapewa donati, mtoto akikosea anakaa kwenye kile kiti cha jikoni anapewa donati na maneno mawili ya busara. Na wakamuua kwa kumsakama donati kooni. Baadaye ikaja kuonekana wote wako hai kisiwani, haya, lakini hapa hakuna muigizaji aliyebadilishwa, sura zote ni zilezile, na bado mtu aliyeipenda ile familia alihisi kuna mgeni kaingia jikoni kwa Alice hajui vitu vinakaa wapi.

Guiding Light ndo inaniuma zaidi. Ilianza redioni 1937, ikahamia tv 1952, na 2008 kwa kubana matumizi wakaacha seti za studio kwa sehemu kubwa wakaanza kushuti na kamera ndogo za mkononi kwenye nyumba na barabara za kweli huko Peapack, New Jersey. Wazo halikuwa baya, lilikuwa jaribio la kuokoa ajira za watu, na baadhi ya matukio ya nje yalikuwa na uhai fulani. Ila picha ilikuwa inatikisika, sauti inamezwa na upepo, na zile sebule ambazo mtu alizijua kama kwao zikapotea. Septemba 2009 ikafungwa, miaka 72. Siwezi kusema kamera ndizo zilizoiua, watazamaji walikuwa wanapungua miaka mingi kabla, lakini wale wachache waliobaki walihamishwa nyumba uzeeni.

Huwa nawaza kuhusu Bold. Waliobaki tangu episodi ya kwanza ni wawili tu, Lang na John McCook, na McCook alizaliwa 1944. Hadithi ya 2023 ilitufikisha mpaka kitandani kwa Eric halafu ikamrudisha, na nilishukuru. The Young and the Restless walipompoteza Jeanne Cooper Mei 2013 hawakutafuta mwingine wa kuwa Katherine Chancellor, walimzika Katherine kwenye hadithi, wakawaacha wenzake walie machozi ambayo hayakuwa ya kuigiza. Ridge sawa, Thorne sawa, Taylor tutamzoea. Eric wasimguse. Siku ikifika wamzike, na anayeandika siku hiyo awe ni mtu anayejua Stephanie, mkewe wa zamani, alikuwa nani kwake.