Magazeti ya Kiswahili yaendelee kujalidiwa

Wanaotaka maktaba ziache kujalidi magazeti na majarida wana hoja. Jalada gumu, uzi, gundi na fundi vinakula bajeti, na rafu zikijaa hakuna chumba cha pili. Karatasi ya gazeti nayo ina asidi. Kwa joto na unyevu wa pwani yetu ya Mtwara na Lindi inageuka njano na kukatika, iwe na jalada au isiwe nalo. Kwa majarida ya kitaaluma ya nje sibishani: mengi ya zamani yako JSTOR, hifadhi ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma.

Gazeti la Kiswahili ni habari nyingine. Oktoba 2024 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilisitisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications, wachapishaji wa gazeti la Mwananchi. Mtandaoni kimya, Mwananchi la karatasi likaendelea kuuzwa. Atakayeutafuta mwezi ule miaka 20 ijayo atashika nini? Wala si lazima mamlaka iingilie. Tovuti ikibadilishwa, viungo vya zamani hufa. Maktaba ikikosa ada ya mtandaoni, hata matoleo ya miaka iliyokwisha kulipiwa yanaweza kufungwa. Gazeti lililonunuliwa ni lako mpaka mchwa wakukatalie.

Chukua msimu wa korosho wa 2018, Serikali ilipotangaza kununua kwa Sh3,300 kwa kilo na jeshi likaingizwa kusomba mzigo. Habari kubwa utaikuta popote. Ila mtu wa Tandahimba au Newala anayefuatilia madai ya malipo ya korosho atataka tangazo la mnada, barua ya msomaji, kahabari ka ukurasa wa ndani kuhusu chama cha msingi cha ushirika. Hivyo mara nyingi vimo kwenye karatasi tu, na karatasi isiyojalidiwa haikai. Toleo la siku yenye habari nzito ndilo la kwanza kuchomolewa kwenye furushi. Yanabaki yale ambayo hakuna aliyeyataka. Wapiga hesabu wanaliona jalada kama pambo, kumbe ni kufuli.

Wanaosema tuskani kwanza hawajakosea, maana jalada lililobanwa mno humeza safu ya ndani. Basi fundi aache pambizo. Na kila maktaba haina haja ya kujalidi kila gazeti: Mtwara ibebe Mwananchi na HabariLeo, Lindi ibebe Uhuru na Nipashe, na fedha iliyokuwa ikijalidi majarida ya nje inunue uzi.