Moja Iko Wapi? Swali Lililoulizwa na Upande Mmoja Tu

Jina la albamu ya Where's the One?, yaani Moja Iko Wapi?, ni swali lililozaliwa mazoezini. Mwaka 2011 wanamuziki wapatao 20, nusu yao wakitoka Kinshasa na nusu wakitoka katika bendi za roki za Marekani, Ulaya na Argentina, walikusanyika ili kujiandaa kwa ziara ya matamasha ya kiangazi, na wale wa roki wakawa wanaulizana mara kwa mara: moja iko wapi? Walimaanisha pigo la kwanza, lile ambalo mpiga dramu hulihesabu kimoyomoyo kabla ya mbili, tatu na nne, na ambalo akilipoteza huwa kama mtu aliyeshuka ngazi gizani akakosa kidato. Kundi hilo la muda liliitwa Congotronics International, na albamu yake ikatoka Aprili 2022 kwa jina la Where's the One?. Nimeisikiliza kwa miezi kadhaa, na kila nikiirudia naona kwamba jina hilo limefichua zaidi ya lilivyokusudia, kwa sababu swali lenyewe liliulizwa na upande mmoja tu.

Upande wa Kinshasa uliundwa na watu wa Konono N°1 na Kasai Allstars, makundi mawili ya mji huo. Upande wa pili walikuwapo Deerhoof wa San Francisco, Juana Molina wa Buenos Aires, wale wawili wa Wildbirds & Peacedrums kutoka Sweden, Matt Mehlan wa Skeletons ya New York, na Hoquets wa Brussels. Nyuma yao ilisimama Crammed Discs, kampuni ya Brussels ambayo tangu mwaka 2004 ilikuwa ikitoa mfululizo wa rekodi za Kinshasa kwa jina la Congotronics, chini ya mtayarishaji wa Kibelgiji, Vincent Kenis. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilitoa albamu ambayo ndani yake wanamuziki wa roki na wa elektroniki, Deerhoof na Molina wakiwemo, walizichukua rekodi hizo na kuzitunga upya kila mmoja kwao, na mwaka uliofuata likaja wazo la kuwakutanisha wanadamu wenyewe jukwaani badala ya kukutanisha faili.

Wahakiki wengi wakiitaja albamu ya namna hii huiita roki ya majaribio, na sina ugomvi na jina hilo. Ugomvi wangu ni juu ya nani anayepewa sifa ya kujaribu. Katika masimulizi ya kawaida Wakongo huleta asili, na wageni wa roki huleta majaribio. Wakongo ni unga na maji, wageni ndio wapishi. Nadhani mambo ni kinyume, na ili kuonyesha hivyo inabidi kwanza tuitazame likembe ya Konono kwa karibu.

Likembe ni ndugu wa ilimba ya Wagogo: kisanduku cha mbao kilichofungiwa vijiti vya chuma vilivyobapwa, ambavyo mpigaji huvibonyeza na kuviachia kwa vidole gumba. Sauti yake ni ndogo, ya kumtosha mtu mmoja anayetembea njia ndefu au watu wachache walioketi jioni. Mingiedi Mawangu, dereva wa lori na mtu wa Wazombo, kabila lililo karibu na mpaka wa Angola, alianzisha kundi lake la Konono huko Kinshasa katika miaka ya 1960, na sauti ile ndogo haikuweza kushindana na mji. Magari, baa, mazishi yenye umati, sherehe za mtaani, vyote viliimeza. Dawa aliyoipata haikutoka dukani. Sumaku zilitolewa katika vipuri vya magari mabovu, waya wa shaba ukazungushwa, na vikaundwa vinasa sauti vilivyobandikwa kwenye visanduku vya likembe; spika zilikuwa za honi, za aina ile tuliyoizoea juu ya minara ya misikiti, ambazo watu wa Kinshasa waliziita kwa Kifaransa lance-voix, yaani virusha sauti. Ngoma na vyungu na vipande vya chuma chakavu vikajaza nafasi iliyobaki.

Jambo lisilotarajiwa lilikuwa mkwaruzo. Vinasa vile havikuwa safi, na spika zile hazikutengenezwa kwa ajili ya muziki, kwa hiyo kila noti ilitoka ikiwa imechanika pembeni, yenye uvumi na ukali kama gitaa la roki lililofunguliwa hadi mwisho. Kundi lingeweza kuuona mkwaruzo huo kuwa hitilafu na kuutafutia tiba. Badala yake walizipanga likembe tatu, ya besi, ya kati na ya juu, wakaufanya mkwaruzo kuwa sehemu ya sauti yao, na wakatunga nyimbo ndefu ambazo huzunguka juu ya vipande vifupi hadi masikio yasahau zilipoanzia. Mtu anayekusanya skrepa, anayejenga chombo ambacho hakijawahi kuwapo, kisha akabadili utungaji wake ufuate tabia za chombo hicho, huyo anafanya majaribio, na alikuwa akiyafanya kabla baadhi ya wageni wake wa mwaka 2011 hawajazaliwa.

Hata hivyo rekodi ya Konono iliyopigwa moja kwa moja jukwaani, ile iliyoteuliwa kuwania tuzo za Grammy za mwaka 2008, iliwekwa katika kundi la muziki wa asili wa dunia. Wa asili! Sumaku ya gari ni ya asili ya wapi? Watu wa Kinshasa wenyewe walikuwa na neno sahihi zaidi, tradi-moderne, yaani mila na usasa kwa pamoja, ambalo halifichi kwamba kuna kitu kipya kinachoendelea. Gitaa la umeme likitoa mkwaruzo San Francisco linaitwa majaribio; likembe ya umeme ikitoa mkwaruzo uleule Kinshasa inaitwa mila.

Kwa Kasai Allstars hoja yangu ina nguvu zaidi, kwa sababu wao walikuwa kundi la mseto hata kabla ya kuonana na mgeni yeyote. Ni muungano wa wanamuziki wapatao 25 waliotoka katika bendi tofauti za Kinshasa na katika makabila matano ya eneo la Kasai: Waluba, Wasongye, Walulua, Watetela na Waluntu. Kila kabila lina lugha au lahaja yake, ngoma zake na namna yake ya kupanga sauti, na muziki wao ulidhaniwa kwamba hauwezi kuchanganyika. Wakauchanganya, wakaongeza gitaa za umeme katikati ya marimba na ngoma za magogo, na mwaka 2008 wakatoa albamu yenye kichwa kirefu kuliko albamu nyingine ninazozijua, kinachozungumzia chifu aliyegeuka samaki katika mwezi wa saba akala kichwa cha adui yake. Kwa hiyo Deerhoof na wenzao walipofika, hawakuwakuta watu waliokuwa wakingojea kufundishwa ushirikiano. Walikuta watu waliokwisha kuyatatua matatizo yake magumu zaidi, ya kupatanisha mizani tano za muziki katika chumba kimoja.

Sasa tulirudie pigo la kwanza. Nilimchezea mpwa wangu wimbo wa "Banza Banza" jikoni, maana yeye hupiga dramu kanisani na hujivunia kushika mwendo. Alichukua kijiko na sufuria, akaanza kuhesabu kwa sauti, moja mbili tatu nne, na kwa mizunguko michache alikuwa na uhakika kabisa. Kisha akakunja uso. Kijiko kilibaki hewani. Alianza tena mahali pengine, na pale napo palionekana kuwa sahihi, hadi sauti nyingine ilipoingia akagundua kwamba huenda moja ilikuwa nyuma ya alipoiweka. Mama yake, aliyekuwa akimenya ndizi na ambaye kabla ya hapo alikuwa ameulizia kelele hizi zitaisha lini, alikuwa akitikisa bega bila kosa. Nilipomwonyesha hilo aliacha mara moja, akaona nimemfanyia mzaha.

Sababu haina uchawi wowote. Katika roki ya kawaida vyombo vyote hukubaliana mahali pa kuanzia na hupakandamiza ili msikilizaji naye akubali. Katika muziki huu kila chombo kina kipande chake kifupi kinachojirudia, na vipande hivyo havianzi pamoja. Kimoja hugawa mzunguko kwa mbili, kingine kwa tatu, na sikio linaweza kuegemea chochote kati yake. Mtu wa pwani aliyewahi kucheza chakacha anakijua kitu hiki kwa mwili wake, ile hali ya nyonga kufuata hesabu moja huku makofi yakifuata nyingine. Mchezaji hahitaji kuambiwa moja iko wapi kwa sababu mguu wake unaijua, na mwimbaji anaijua kwa pumzi yake. Swali huwa la lazima tu kwa yule anayeuingia muziki kwa njia ya kuhesabu. Ninawaheshimu wanamuziki wa roki kwa kuliuliza hadharani na kukubali likae kwenye jalada, kwa kuwa ni ungamo la mwanafunzi, na wanafunzi wenye majina makubwa kwa kawaida hupenda kuitwa walimu.

Katika albamu yenyewe, ungamo hilo huzaa mambo mazuri pale linapoachwa bila kufichwa. Greg Saunier wa Deerhoof ni mpiga dramu mwenye papara ya makusudi, anayependa kuuvunja mdundo kabla haujatulia, na mwenzake Andreas Werliin wa Wildbirds & Peacedrums ana mkono mzito zaidi; wakikutana na ngoma za Kinshasa ambazo hazina papara hata kidogo, husikika kama vijana wanaokimbia kando ya mzee anayetembea, kisha wakashangaa kwamba mzee ametangulia kufika. "Super Duper Rescue Allstars" unaligeuza jambo, kwa sababu asili yake ni wimbo wa Deerhoof wa mwaka 2011, na hapa wenyeji wa Kinshasa ndio wanaoingia nyumba ya watu. Wanaingia bila kubisha hodi mara tatu. Kwa maoni yangu wimbo unatoka mpana kuliko ulivyokuwa.

Si kila mahali nimeridhika. Albamu ni ndefu, na kuna sehemu ambapo kila aliyekuwapo chumbani anapewa nafasi ya kusikika kwa wakati mmoja, ndipo muziki unapokuwa daladala ya saa kumi na mbili jioni: wote mmepanda, hakuna anayeweza kunyoosha mkono. Likembe, ambayo ukali wake unahitaji uwazi kuuzunguka, huzama chini ya vinanda na sauti za kuitikia. Huenda hiyo ndiyo gharama ya adabu, kwamba katika kundi la watu 20 wanaoheshimiana hakuna anayetaka kumwambia mwenzake anyamaze.

Ilipita miaka 11 kati ya ziara na albamu, na katika muda huo Mingiedi alifariki, mwaka 2015, akiwa amemwachia mwanawe Augustin Makuntima Mawangu uongozi wa Konono. Rekodi za matamasha, za mazoezi na za studio zilibaki zikingoja mtu wa kuzishona, na ushonaji huo ulifanyika Brussels, mikononi mwa Kenis. Sina sababu ya kumshuku. Ni mtu aliyemtafuta Mingiedi kwa miaka mingi baada ya kumsikia redioni, na aliyefika Kinshasa na kuwarekodi mahali wanapopigia badala ya kuwasafirisha wawe wageni katika studio ya mtu. Lakini ni haki kuuliza kwa nini jina la mradi, Congotronics, ni neno la kampuni na si la watu wa Kinshasa, na kwa nini mkasi wa mwisho ulikuwa upande ule uliokuwa ukiitafuta moja. Kama mshonaji angekuwa Mopero Mupemba, mpiga gitaa anayewaongoza Kasai Allstars, nadhani nyimbo zingekuwa chache, ndefu zaidi, na zenye hewa.

Nikiwa msikilizaji niliyekulia na muziki wa dansi, nashangazwa kidogo na jinsi makundi ya kubadilishana watu yanavyoshangiliwa kama uvumbuzi. Dar es Salaam ya Maquis Original na Orchestra Makassy iliishi hivyo kila siku: mpiga gitaa wa Kikongo leo yuko bendi hii, mwezi ujao yuko ile, akibeba mtindo wake kama mtu anavyobeba godoro akihama chumba. Tofauti ni kwamba wale walikaa. Walijifunza Kiswahili, waliimba kwa Kiswahili, wakazeeka nasi. Congotronics International walikuwa pamoja kwa majira ya tamasha, wakatawanyika, na katika albamu unausikia ugeni huo ambao haujapata muda wa kuwa ujamaa. Nyimbo bora zaidi ni zile ambazo hazijifanyi kwamba umekwisha kuwa hivyo.

Mpwa wangu amekwisha kuuhamishia wimbo kwenye simu yake. Juzi nilimsikia chumbani akiupigia mto kwa vijiti vyake vya dramu, bila kuhesabu kwa sauti safari hii, akianza, akikosea, akinyamaza kuusikiliza, akianza tena kutoka mahali pengine.